Insha Iliyokwenda Kuposa

Nilihitimu skuli ya jioni hapa London nikiwa na miaka hamsini na mbili, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekaa karibu nami ndani ya basi akashuka bila kuijua habari hiyo. Mchana nilikuwa nawatunza wazee majumbani mwao. Nikiwaogesha, nikiwapa dawa, nikiwasikiliza wakinisimulia mbwa wao waliokufa zamani. Siku mbili kwa wiki, ikifika saa kumi na mbili jioni, mimi niko darasani mstari wa mbele, penseli nne mezani zimechongwa kama mikuki. Somo nililolipenda ni historia. Nilisoma mpaka herufi zikaanza kuniamkia.

Muhula wa mwisho mwalimu wetu, mama mmoja mwembamba ambaye kunong'ona kwake kulisikika barabarani, alitupa mada: hoja zilizotumika kupinga utumwa zama za ukoloni. Akaligawa darasa mafungu mawili. Fungu la kwanza litetee hoja za utu na dini, kwamba mtu si mali, na Mungu hakumuumba mtu awe shoka mkononi mwa mwenziwe. Fungu la pili litetee hoja za uchumi, kwamba mtumwa ni hasara. Anafanya kazi kwa woga na anaacha pale tu msimamizi anapogeuza shingo. Lazima alishwe hata msimu usio na mavuno. Hanunui kitu dukani kwa sababu hana chake. Mtu huru anayelipwa ujira hahitaji wa kumsukuma.

Mimi nikaangukia fungu la pili, na nilifurahi. Mtu aliyekulia Pemba, akabishania bei ya pweza tangu ana meno ya utoto, hashindwi na maneno ya hasara na faida. Nilisimama nikasema robo saa nzima, na naapa, lau wale wenye mashamba wa zamani wangekuwemo chumbani mle, wangewaacha watu wao huru kabla sijameza mate.

Mwalimu akanishukuru, kisha akaniuliza kitu kimoja. "Na kama ingekuwa ina faida?"

Nikakaa. Ubaya wa swali lile ni kwamba kwetu visiwani ndivyo ilivyokuwa. Serikali ya kikoloni iliyokuwa ikihubiri uhuru kwingine, kwetu ilijikokota, kwa kuogopa karafuu zitakosa wa kuzichuma na kodi itapungua. Hesabu ile ile iliyowafungulia watu sehemu moja iliwafungia sehemu nyingine. Nilirudi nyumbani nikaandika insha ya kurasa tatu, na swali la mwalimu nikaliweka ukurasa wa mwisho, bila jibu, kama mtu anayeacha mzigo wake mlangoni kwa jirani.

Lakini aya ya kwanza ndiyo iliyonitia matatani. Mwalimu alitwambia tuanze na kitu tunachokijua wenyewe. Ninachokijua mimi ni kwamba mama wa babu yangu alikuwa mtumwa. Aliletwa kutoka bara akiwa mtoto mdogo, akachuma karafuu za watu mpaka akawa mtu mzima, akaachwa huru, na jina la ukoo tunalolitumia leo ni la bwana wake. Nililisikia hili mara moja tu maishani, kutoka kwa shangazi yangu, tulipokuwa tunachambua mchele wa hitima, na baada ya kulisema alitazama mlangoni kama aliyevunja kitu. Baba yangu alitufundisha jambo jengine. Mkiulizwa kabila, semeni asili yenu ni Hadhramaut, Uarabuni. Kwetu mtu anaweza kukutukania mama, na magharibi mkala sahani moja. Akikwita mtoto wa mtumwa, mmegombana mpaka vitukuu.

Sasa mimi nilikuwa naandika kwa Kiingereza, kwa mwalimu Mwingereza, London. Kwa Kiingereza neno lile halikunichoma. Niliandika kama naandika habari za watu wa nchi ya mbali. Nikapata alama nzuri kuliko zote za darasa, au tuseme karibu na zote, na insha ile nikawa natembea nayo kila nilipokwenda, kama wengine wanavyotembea na picha za wajukuu.

Katika siku hizo hizo mtoto wa kaka yangu mkubwa, niliyekuwa nikiishi naye nyumba moja hapa London, akataka kuoa. Ni fundi wa lifti, kijana mpole, mrefu hata lifti nyengine huingia kwa kuinama. Msichana aliyempenda ni muuguzi, Mzanzibari wa mjini, baba yake amekwishafariki, na walii wake, yaani mwenye idhini ya kumwozesha, ni baba yake mkubwa anayekaa Rayners Lane. Mzee huyo alikuwa anajulikana na Waswahili wote wa upande ule. Alisomesha hesabu miaka mingi katika skuli za hapa kabla ya kustaafu, na katika mambo ya ndoa alishika kufu kama mtu anavyoshika reli ya ngazi. Kufu ni kulingana: watu waoane wenye nasaba ya daraja moja. Ilikuwa inasemwa kwamba aliwahi kumrudisha mposaji ambaye ni daktari mzima, kwa sababu hakuna aliyeweza kumwambia ni nani aliyekuwa babu wa mtu huyo.

Kijana wangu aliniambia jambo moja tu. "Ami, nikimkosa huyu, msinitafutie mwengine." Hakulisema kwa kulia. Alikuwa anapiga pasi shati la kazi, na hakuniangalia.

Kaka yangu akaandika barua ya posa huko Pemba, akaituma kwa msafiri. Karatasi tatu, kwa mwandiko wake wa kujipinda, na ukurasa wa kwanza umesema wazi kwamba sisi ni watu wa asili ya Hadhramaut, kufu yenu. Kwenye simu akanipa maagizo kama anayemtuma mtoto chumvi: kazi yangu ni kuwa mshenga, kubeba barua, kuamkia, kunywa chai, kuondoka. Nisihutubie. Neno la kutohutubia alilirudia mara saba, au tatu, lakini zilihesabika kama saba.

Barua ilifika inanuka dagaa, kwa kuwa msafiri aliipanga mkobani pamoja na vifurushi vya wenyewe. Nikanunua pakiti ya bahasha nzuri, rangi ya maziwa, duka la karibu na stesheni, nikaitia barua katika bahasha mpya bila kuandika kitu juu. Na kwa kuwa zilibaki bahasha, na insha yangu imeanza kukunjika pembe, nayo nikaitia katika moja. Karatasi tatu huku, karatasi tatu kule. Sitaki kusema zaidi. Anayenisoma ameshafika kabla yangu.

Jumapili baada ya alasiri niliitoa bahasha mkobani, nikaizungusha kitambaa cheupe kilichotariziwa, nikabisha hodi. Mzee alikuwa mfupi, nadhifu, kikoi na fulana ya sufi, penseli sikioni. Mkewe akaleta chai ya tangawizi na visheti. Nikawasifia nyumba, nikawasifia visheti, nikamsifia kijana wangu mpaka nikafika pahala pa kusema kwamba lifti za London zikimwona tu zinashuka zenyewe. Mzee alinisikiliza kama anayesahihisha.

Kisha akaniuliza ukoo wetu ni wa wapi hasa. Nikamwambia kijana ana mkataba wa kudumu. Akasema hilo ameshalisikia, anauliza ukoo. Nikakikabidhi kitambaa kwa mikono miwili.

"Kila kitu kimeandikwa humo, mzee wangu," nikasema. "Hatukuficha hata kidogo."

Nilikuwa ndani ya treni, vituo vinne tayari, nimeshaanza kujipongeza, nilipotia mkono mkobani nijiliwaze na insha yangu. Nikatoa bahasha. Ndani nikauona mwandiko wa kaka.

Watu husema moyo umeanguka. Wangu haukuanguka, ulishuka kituo kilichofuata na kuniacha. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, mpaka mama mmoja akanipa kiti akidhani naumwa. Nikapiga simu nyumbani kwa mzee kabla sijajua nitasema nini. Akapokea mkewe. Nikamwomba amwambie mzee asiifungue barua kwanza, iko kasoro ndogo.

"Ah, ameshaifungua, baba," akasema kwa upole. "Yuko chumbani anasoma. Amenituma miwani yake ya pili."

Wiki ile niliishi kama mtu aliyemeza jiwe la moto. Niliunguza wali ambao haujawekwa motoni. Mzee mmoja ninayemtunza, ambaye husahau hata jina la mwanawe, aliniuliza mara mbili nina nini. Kila simu ilipolia niliitazama kama nyoka kabla ya kuishika. Kibaya zaidi, ilinilazimu kumwambia kijana, na kumwambia kosa maana yake ni kumwambia kilichomo ndani ya insha, na hicho yeye hakuwahi kukisikia. Kaka yangu alimlea na Hadhramaut ile ile.

Alivuta kiti, akakaa. Kisha akauliza, "Ni kweli?"

Nikamwambia kweli.

"Mbona mimi sikuambiwa?"

Nikaanza kumweleza habari za baba yangu, za shangazi na mchele, nikajikuta nazungumza na mlango, kwa kuwa alikwishatoka. Jioni aliporudi alisimama jikoni na begi lake la spana begani. Akasema hamjui huyo bibi, hajawahi kumwona, na hawezi kumkosa mke kwa ajili yake. "Mimi nataka kuoa, ami. Ukiitwa tena, sema chochote watakachotaka kusikia."

Nikamwahidi. Na wallahi nilikuwa na nia ya kuitimiza ahadi ile. Siku nne nzima nilitunga uongo. Nilipata uongo wa kila namna: kwamba ile ni insha ya mwanafunzi mwenzangu, kwamba ni hadithi ya kubuni, kwamba skuli za jioni za hapa hukulazimisha uwe na mtumwa katika ukoo ndiyo upate alama.

Alhamisi ya wiki iliyofuata mzee akaniita, nije peke yangu, na nije na barua niliyoisahau. Nilifika Rayners Lane nusu saa kabla, nikalizunguka duka la matunda mpaka mwenye duka akaniuliza natafuta tunda gani ambalo halijaumbwa.

Insha yangu ilikuwa mezani, kando ya visheti. Mzee alikuwa ameijaza alama za penseli. Kwanza akaniambia imeandikwa vizuri, ila ina makosa kumi na moja ya tahajia. Kisha akasema hoja ya uchumi nimeipa karibu kurasa mbili, na hoja ya utu nimeipa nusu ukurasa. Nikamwambia nilipangwa fungu la uchumi. Akasema ameona.

"Mama wa babu yako alikuwa mtumwa," akasema.

Alilisema kwa Kiswahili, sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma saa. Lakini mimi lilinipata mwili mzima. Kurasa tatu za Kiingereza hazikunifanya nilichofanywa na maneno yale sita. Nikatazama mlangoni, kama alivyofanya shangazi.

"Ndiyo," nikasema.

Mzee akaiondoa penseli sikioni, akaanza kuizungusha mezani. Akasema yeye ni mtu wa hesabu. Amemuulizia kijana kazini kwake na msikitini, hakusikia baya. Ana kazi, hana deni la tabia, na msichana mwenyewe amefika miaka thelathini na amesema ni huyu au basi. Akipiga hesabu zote, kumkataa ni hasara kuliko kumkubali. Kwa hiyo nimpe barua ya kaka yangu, ile yenye nasaba njema, naye ataipeleka kwa ndugu zake kama ilivyo. Hii nyengine tutaitia motoni hapa hapa, na yaliyomo hatukuyasoma, yeye wala mimi.

Ndicho nilichokuwa nakiomba wiki nzima, kila sala, na katikati ya sala. Nilikuwa nimeahidi. Barua nilikuwa nayo mkononi. Ilibaki kunyoosha mkono tu. Nami si shujaa, nasema kweli yangu, mimi hujificha hata nikimwona mkaguzi wa tiketi na tiketi ninayo. Mdomo ndio ulionitangulia.

"Na akifukuzwa kazi?"

"Nani?"

"Kijana. Lifti zikaisha duniani, akakaa nyumbani hana kitu. Mama wa babu yangu atarudi kuwa mtumwa?"

 Kutoka jikoni nilisikia bomba la maji likifungwa, nikajua mkewe naye anasikiliza. Nikamfikiria kijana na pasi yake, nikaona nimemharibia maisha kwa sentensi moja, baada ya kumpokea na kumfundisha hata kupanda eskaleta, ngazi zile zinazotembea zenyewe. Nilitamani kuyala maneno yangu na visheti juu yake.

Mzee akaifunua insha ukurasa wa mwisho, akaweka ncha ya penseli chini ya swali la mwalimu. "Hili uliulizwa wewe. Hukulijibu."

"Sikulijibu."

"Lijibu sasa. Si kwa darasa. Kwangu mimi."

Sikuwa na hotuba. Kaka yangu angefurahi. Nikamwambia hata kama ingekuwa na faida ya kuvijaza visiwa vyote viwili dhahabu mpaka minazini, yule alikuwa mtoto wa watu, alikuwa na mama aliyempa jina, na jina hilo sisi hatunalo. Tunalo la bwana wake. Tumelibeba miaka yote hii na tunalifanyia fakhari, na yeye tunamwonea haya, hali aliyefanya la aibu si yeye.

Mzee alivua miwani akaisafisha kwa kikoi, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwemo. Kisha akasema, si kwangu hasa, kwamba nyumbani kwao alikuwapo bibi mmoja aliyemlea mama yake na akamlea na yeye. Alikuwa akilala chumba cha uani. Walimwita jina la siku aliyonunuliwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza jengine.

Akanyoosha mkono, nikampa barua ya kaka. Akaisoma yote, kurasa tatu, na pale kwenye Hadhramaut akapiga mstari mmoja mwembamba wa penseli, ulionyooka, wa mwalimu. Akanirudishia.

"Hii mrejeshee kaka yako. Ile niachie. Ndiyo nitakayowasomea ndugu zangu."

Nikamuuliza watasema nini.

"Watapiga kelele," akasema. "Nami sijakubali bado. Nimesema nitawasomea."

Ikawa wiki tatu nyengine za jiwe la moto. Kijana alikuwa anaondoka asubuhi bila kunywa chai na kurudi bila kuniuliza, na huko kutouliza kulinitafuna kuliko kuulizwa. Nilikuwa nimemweleza yote, hata ahadi niliyoivunja. Alinisikiliza, akasema tu, "Basi tungoje." Kaka yangu kwenye simu hakusema tungoje. Alisema mambo ambayo sitayaandika, kwa kuwa bado ni mkubwa wangu. Alisema nimemvua nguo baba yetu kaburini, kisha akakata, na siku kumi na nne simu zangu hakuzipokea.

Jibu lilikuja kwa posta, ndani ya bahasha ya kahawia. Nilimwita kijana aifungue yeye. Alikuwa amesimama pale pale jikoni, begi begani, akasoma kwa sauti ndogo: wameipokea barua yetu ya kurasa tatu, wameisoma, wawili kati ya ndugu hawakuridhia na hawatahudhuria, waliobaki wameridhia, na walii ameridhia. Chini yake ilikuwa imeambatanishwa orodha ya makosa yangu kumi na moja ya tahajia. Kijana aliiweka barua mezani, akavua begi, akakaa. Akaniomba chai. Nilimpa vikombe vitatu kwa mpigo, vyote vimejaa.

Nikamtumia kaka ujumbe kwamba wameridhia, na usiku wa Pemba, London bado jioni, akapiga mwenyewe. Nikashika simu kwa mbali, nikingoja moto. Hakukuwa na moto. Aliuliza kama insha yenyewe bado nnayo, atumiwe naye aisome, amtafute mwenye Kiingereza amtafsirie neno kwa neno. Nikamwambia iko kwa mzee, amekataa kuirejesha, itabidi nikaombe nakala skuli.

Nikamsikia akifunga mlango upande ule.

"Kaburi la mama wa babu mimi nalijua," akasema. "Baba alinionesha nilipokuwa mdogo, akaniapisha nisiwaambie. Kule nyuma ya mikarafuu ya watu. Kesho nitakwenda na panga nikalifyeke, maana limeota nyasi mpaka kiunoni."